Toyota za Naivasha na Toyota za Kiritiri

Machi 2026 Safari Rally ilirudi Naivasha. Tangu 2021 hadi 2025 Toyota imeshinda kila mwaka, na jicho langu lilikuwa kwa Mjapani Takamoto Katsuta, wa pili mwaka 2021 na 2024.

Hapa Kiritiri naona Toyota nyengine: Probox zilizosheheni muguka, zikikimbilia kwetu Mombasa kabla majani hayajanyauka. Gavana Nassir alipoipiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri. Tukabishana majani, mwendo tukausahau. Naivasha barabara hufungwa. Hizi hupishana na mabasi tunayopanda, wallahi, na anayechelewa hukosa soko. Kaunti ikitoza ushuru kizuizini, iulize pia gari liliondoka Mbeere saa ngapi.