Mchukuzi Asiye Kirusi

Chanjo ya UVIKO-19 iliyozinduliwa nchini Julai 28, 2021, ile ya Janssen, ilitumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaana kupeleka maagizo ya jeni ndani ya seli za mwili. Ile ya Pfizer, iliyokuja baadaye, haibebwi na kirusi. Mchukuzi wake ni kitone cha mafuta, chembamba kuliko unywele mara mamia. Seli hukimeza, husoma maagizo, kisha maagizo huvunjika bila kuugusa urithi wetu.

Lakini kitone hicho ni dhaifu: ghalani hutaka baridi ya nyuzi zaidi ya 60 chini ya sifuri, na katika jokofu la kawaida hakidumu muda mrefu. Basi, ndugu yako aliyeko Kasanda, Kigoma, atanufaika tu iwapo umeme na barabara vitaifikia zahanati yake.

Tusiisifu maabara tukaisahau zahanati.