Acheni Kununua Matairi kwa Macho

Leo Linux ipumzike kidogo. Nataka tugombane juu ya matairi.

Sisi watu wa tarakilishi ni watu wa ajabu. Mtu atakaa wiki tatu akilinganisha rununu mbili: RAM ngapi, kamera gani, betri inakaa saa ngapi. Kisha mtu huyohuyo anaingia duka la matairi na 4x4 yake, anaona tairi nene lenye meno kama ya mamba, anamwambia fundi, "Niwekee hayo." Basi, utafiti umekwisha! Rununu ikimfia atanunua nyingine. Tairi likimfia karibu na Voi akiwa na watoto nyuma, hadithi ni nyingine.

Hoja yangu ni moja na ninaitoa mapema, asiye na muda aende zake: kwa magari mengi ya 4x4 yanayotembea humu Kenya, badilisha aina ya tairi ukipenda, lakini usiguse kipenyo. Anayekuambia "panda saizi mbili, gari litakuwa moto porini" anakuuzia sura, na sura hiyo utailipia kwa breki, kwa mafuta na kwa difu.

Wapenzi wa matairi makubwa, najua mko wengi. Ketini tuhesabu.

Namba zile si mapambo

Tuchukue saizi ambayo imejaa barabarani kwetu, 265/65R17. Ndiyo iliyo kwenye Prado nyingi na Hilux nyingi. 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, lakini si milimita: ni asilimia 65 ya huo upana, yaani milimita 172. R ni ya radial, jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 432. Jumlisha rimu na mbavu mbili, unapata kipenyo cha tairi zima: milimita 776.

Sasa angalia jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Prado ya kizazi cha 150 ilitoka kiwandani ikiwa na rimu tofauti kulingana na toleo: 265/65R17, 265/60R18, na hata 265/55R19. Piga hesabu ya kipenyo cha kila moja. Utapata 776, 775 na 774. Rimu imepanda kwa inchi mbili nzima, lakini kipenyo cha tairi kimehama kwa milimita 2 tu! Wahandisi wale hawakufanya hivyo kwa kukosa kazi. Kipenyo ndicho kitu ambacho gari zima limejengwa likikitegemea.

Hesabu ya "kubwa kidogo tu"

Saizi inayopendwa na wanaotaka gari lionekane kali ni 285/70R17. Kipenyo chake ni milimita 831. Imezidi ile ya kiwanda kwa asilimia 7.

Umepata nini? Gari limeinuka kwa nusu ya tofauti, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Yaani milimita 27. Upana wa kidole gumba! Hiyo ndiyo faida unayotolea makumi ya maelfu ya shilingi.

Umelipa nini? Ekseli sasa inasukuma gurudumu refu zaidi, kwa hiyo nguvu inayofika chini imepungua kwa zaidi ya asilimia 6 katika kila gia. Ni kama mtu amekubadilishia gia zote ziwe nzito bila kukuuliza. Breki nazo vivyo hivyo: kwa kukanyaga kulekule, nguvu inayofika barabarani imepungua kwa kiasi hichohicho, na gurudumu lenyewe ni zito zaidi kulisimamisha. Halafu ukikata kona, tairi linakwaruza madigadi, na unaambiwa sasa uinue springi. Ukiinua springi, gari lililokuwa refu tayari linakuwa jepesi zaidi kupinduka. Ndugu msomaji, unaona safari inavyoendelea?

Programu ya gari haijaambiwa

Hapa ndipo naingia kama mtu wa programu. Gari lako halipimi mwendo. Linahesabu mizunguko na kuzidisha kwa namba ambayo mtu aliiandika ndani ya programu kiwandani. Kwa tairi la 265/65R17, kilomita moja ni takriban mizunguko 410. Kwa 285/70R17 ni takriban 383. Umebadilisha data, hukubadilisha programu. Kila aliyewahi kuandika hata mistari kumi ya programu anajua kinachofuata.

Kinachofuata ni hiki. Spidomita ikisema 100, inaweza kuwa unakwenda 107. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inataka spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli, na ndiyo maana viwanda huziacha zitie chumvi kidogo. Ile chumvi ndiyo usalama wako, na tairi kubwa linaila. Mjini kwenye kikomo cha 50, wewe unaona 50 huku kamera inaona 53. Utamwambia hakimu tairi ni zuri?

Mita ya kilomita nayo inapunguza. Ukitembea kilomita 100,000 za kweli, itasoma kama 93,400. Kwa hiyo unabadilisha oili ukiwa umechelewa kila mara, na ukipiga hesabu ya mafuta kwa mita hiyo unapata jibu la uongo.

Kosa baya zaidi ni la spea. Watu hununua matairi manne makubwa na kuacha spea ya saizi ya zamani kwa kubana pesa. Siku ya pancha unafunga gurudumu moja dogo. Mfumo wa ABS hulinganisha mwendo wa magurudumu manne. Sasa unaona moja linazunguka kwa kasi ya asilimia 7 zaidi na halijui kama linateleza au limefungwa na mjinga. Na kwenye gari linaloendesha magurudumu yote muda wote, difu inasaga tofauti hiyo kila mita unayokwenda. Nunua matano au usinunue.

"Lakini mchangani..."

Hii ndiyo hoja yao kubwa. Tairi pana halizami mchangani, wanasema. Tuhesabu tena.

Eneo la tairi linalogusa chini, kwa makadirio, ni uzito ulio juu yake kugawanya kwa presha ya upepo. Gari la kilo 2,200 linaweka kilo 550 juu ya kila tairi. Kwa upepo wa PSI 32, kila tairi linagusa kama sentimita mraba 245. Je, tairi pana zaidi kwa presha hiyohiyo? Karibu zilezile 245! Umbo tu limebadilika, limekuwa pana na fupi. Sasa chukua tairi lako la kawaida, toa upepo hadi 16. Eneo linakaribia kuongezeka maradufu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni urefu, kama mnyororo wa tingatinga. Hicho ndicho kinachokuvusha mchanga wa Chalbi ukitoka Marsabit kwenda North Horr. Ni upepo, na kuutoa ni bure.

Ndiyo, tairi kubwa hupanda mwamba vizuri zaidi na huvuka mtaro mpana vizuri zaidi. Hilo sibishi. Magari ya Rhino Charge yana matairi makubwa na yana haki. Lakini mashindano yale, tangu yaanze mwaka 1989, ni ya kufikia vituo porini kwa umbali mfupi zaidi, si ya kwenda kazini kupitia Thika Road. Gari la hapo limebadilishwa springi, difu na breki lifanane na tairi. Lako limebadilishwa tairi peke yake.

Na wale wa rimu za inchi 20 wasicheke, zamu yao imefika. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 kule Naivasha, magari yale ya mamilioni yalikimbia juu ya rimu za inchi 15. Kwenye mashindano ya lami hutumia za inchi 18. Kwa nini? Kwa sababu kwenye mawe, ubavu mrefu wa tairi ndio unaopokea kipigo badala ya rimu.

Upepo umeua zaidi ya saizi

Mwezi Agosti mwaka 2000 huko Marekani, Firestone ilirudisha matairi milioni 6.5. Yalikuwa ya aina za ATX, ATX II na Wilderness AT, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer. Juu ya barabara kuu, kwenye majimbo ya joto, ngozi ya nje ilikuwa inabanduka na gari linapinduka. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na matairi hayo. Uchunguzi ulikuta kasoro kwenye matairi yenyewe, lakini suala la upepo lilizua ugomvi mkubwa: Ford ilikuwa imependekeza PSI 26, Firestone ilitaka 30. Upepo ukipungua, ubavu unakunjika zaidi, joto linapanda, na mpira unaachana na nyuzi.

Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria iliyozaa taa ya kuonya kwamba upepo umepungua. Magari mengi yanayotufikia kutoka Japani hayana taa hiyo. Taa yako ni wewe na geji ya upepo. Kwa hiyo mtu anayetoa upepo Chalbi halafu akarudi lami bila kujaza anacheza na jambo ambalo limeshazika watu.

Basi ununue nini?

1. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko. Saizi na upepo vimeandikwa hapo. Baki na kipenyo hicho.

2. Kama safari zako ni nusu lami nusu changarawe na mawe, chukua AT. Kama unakwenda Naivasha na kurudi kwa lami, matairi ya lami yanatosha, yana kelele kidogo na hushika vizuri mvua ikinyesha. Udongo mweusi wa Mara ukilowa hujaza meno ya AT mpaka tairi linakuwa chapati. Hapo dawa ni kungoja jua.

3. Soma namba ya mzigo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 120 ni kilo 1,400. Usishuke chini ya ile ya kiwanda. Yenye herufi LT ni ngumu zaidi kwenye mawe, lakini ni nzito, na huhitaji upepo zaidi ya ule wa kibandiko kubeba mzigo uleule.

4. Soma tarehe. Tafuta tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Na ukinunua gari lililoagizwa, kumbuka sheria yetu inaruhusu gari la hadi miaka 8. Matairi yake yanaweza kuwa na umri huohuo hata kama meno yanang'aa.

5. M+S isikubabaishe. Ni matope na theluji, na kiwanda hujiandikia chenyewe kwa kuangalia umbo la meno. Theluji yetu iko kileleni Mlima Kenya, na huko gari haliendi.

6. Pesa uliyobakisha kwa kutopanda saizi, nunua geji nzuri ya upepo, pampu ya kuchomeka kwenye betri, na spea ya tano iliyo sawa na wenzake.

Najua orodha hii haipendezi kwenye picha. Hakuna atakayekusimamisha kituo cha mafuta akuulize umeweka geji gani. Lakini ng'ombe akikatiza mbele yako kati ya Emali na Kibwezi, gari halitasimama kwa sura yake. Litasimama kwa namba.

Anayepinga alete hesabu, si picha. Uwanja wa maoni uko hapo chini.