Kodi Ndogo, Kilemba Kikubwa

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, hupita kwangu jioni tukanywa kahawa, na haondoki bila kudai kwamba serikali irudishe sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Mjukuu wake, mwalimu wa shule ya msingi, ametakiwa kulipa kodi ya mwaka mzima ndipo akabidhiwe ufunguo wa chumba kimoja huko Tabata. Uchungu wake naujua. Dawa anayoitaka naikataa, kwa kuwa nimekwisha kuinywa.

Sheria hiyo tulikuwa nayo Tanzania tangu mwaka 1962, ikatungwa upya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Isitoshe, mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo makubwa ya kupangisha ikayakabidhi kwa Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilichukuliwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nia ilikuwa njema, na sisi vijana wa wakati ule tulishangilia.

Miaka ya themanini nilihamishiwa Dar es Salaam. Nikaelekezwa vyumba viwili katikati ya mji, ambavyo kodi yake ya mwezi haikufika bei ya jozi ya viatu. Mpangaji aliyekuwamo alinikaribisha chai, kisha akanitajia kilemba chake: mshahara wangu wa miezi kumi na minne. Wala hakuwa mwenye nyumba! Nilimshukuru kwa chai, nikaenda kupanga Manzese, ambako choo kimoja tulikitumia familia nne, na mwenye nyumba alitoza alivyotaka, maana huko sheria haikufika kwa vitendo.

Basi nauliza: kodi ile ndogo ilimsaidia nani? Ilimsaidia aliyekwisha kuingia. Mgeni, kijana anayeanza kazi, mjane aliyetoka mkoani, hao waliilipa kwa mlango wa nyuma au wakakosa kabisa. Na aliyeingia hakutoka tena, hata watoto wake walipohama na vyumba vikabaki vitupu, kwani nani hutupa mali?

Nyumba zenyewe nazo ziliumia. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi zipatazo 17. Mwaka 1995 ilizidi shilingi 500. Saruji ilipanda, bati likapanda, bomba likapanda. Kodi iliyopangwa kwenye karatasi ilitambaa nyuma yao. Mabomba yakivuja, yakaachwa yavuje. Ngazi zikivunjika, watu wakajifunza kuziruka.

Rafiki yangu hunijibu kwamba baada ya 2005 wapangaji waliachwa uchi. Hapo amesema kweli. Lakini jiji hili lilikuwa na watu wasiofika 400,000 mwaka 1967, na sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Umati huo hauwezi kulala ndani ya bei. Unalala ndani ya vyumba, na vyumba hujengwa na mtu anayetumaini kurudishiwa fedha zake.

Kodi ya mwaka mzima ni jambo jingine, na hapa nawageukia wenzangu wenye nyumba. Tunasema twahitaji fedha za kumalizia ujenzi kwa sababu benki hazitukopeshi kwa urahisi. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba tunadai kwa kuwa tunaweza. Sheria itukataze kudai zaidi ya miezi miwili, impe mpangaji notisi ya kutosha, na migogoro isikilizwe upesi karibu na anapokaa. Bei iachwe.

Nilipomweleza hayo rafiki yangu, aliweka kikombe chini akaniuliza muuguzi aliyepanga chumba changu cha uani, Sinza, nilimtoza miezi mingapi.

Sita, nikasema. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Tangu siku hiyo muuguzi yule analipa mwezi kwa mwezi, na mara mbili amechelewa.