Tumbo halizoei maji machafu

BUKAVU – Kwenye foleni za mabidoni, Kadutu hadi Panzi, neno moja linarudi kila siku: «Mtoto wa Bukavu amezoea maji haya, hayamfanyi kitu.» Familia zilizokimbia vita na kupokelewa mjini zinaambiwa vilevile: wavumilie, tumbo litazoea. Neno hilo ni uongo, na linaua.

Kweli, karibu watu 9 kati ya 10 wenye amiba hawasikii maumivu. Lakini kutosikia maumivu si kupona. Mtu huyo anaweza kutoa vifuko vya amiba katika choo chake kwa miezi mingi, na kwenye vilima vya Bukavu mvua inateremsha uchafu wa vyoo vya juu hadi chemchemi za chini. Anayejisifu kuwa amezoea ndiye anayemwambukiza mtoto wa jirani. Naye mwenyewe hajasalimika: amiba inaweza kushambulia ini lake baadaye.

Kinga ya mwili ipo, ila ni ndogo. Huko Dhaka, Bangladesh, watafiti waliona kwamba watoto wenye askari wa mwili dhidi ya amiba ndani ya utumbo waliambukizwa tena mara chache zaidi. Mara chache, si kamwe.

Uongo wa pili unauzwa kwa vidonge. Tumbo likiuma, watu wanakimbilia duka la dawa, wananunua Flagyl chache bila kupimwa choo. Likitulia, vidonge vilivyobaki vinawekwa kwa mtoto mwingine. Hiyo si matibabu. Dawa hiyo inaua amiba iliyoingia katika nyama ya utumbo, lakini vifuko mara nyingi vinabaki. Ndiyo maana muganga anapaswa kuongeza dawa ya pili, kama paromomycin au diloxanide. Tena si kila kuhara ni amiba. Kuhara kama maji ya mchele kunaweza kuwa kipindupindu, ambacho kinaua kwa saa chache: mgonjwa anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya kituo cha afya, apelekwe mbio.

Klorini inasaidia sana dhidi ya kipindupindu, lakini vifuko vya amiba vinaivumilia. Moto hauvivumilii: maji yachemke kabisa kwa dakika moja, kisha yafunikwe.

Lakini makaa yananunuliwa, na mama anayelala kwa watu na watoto wake hawezi kuchagua kila siku kati ya kupika chakula na kuchemsha maji. Kumhubiria usafi bila kumpa bomba ni kumcheka. Wenye kuongoza mji, na mashirika yanayogawa vidonge, wanadaiwa maji safi na kipimo cha choo cha bei nafuu. Raia hadaiwi kuzoea mavi.