Msisingizie bahati!

Leo nina hasira na washkaji zangu wa hosteli. Kila wakifa kwenye Slay the Spire, lile gemu la karata la kwenye simu, na kuanza upya, utasikia: "Aah, hii kamari tu!" Si kweli bwana!

Ironclad anaanza na karata 10. Ukishinda pambano unaletewa karata 3, uchague moja AU uache zote. Nyie hamuachi! Mnazoa tu kama madesa wiki ya UE, halafu karata ya maana mkiitaka haiji. Ascension ngazi ya 20, ile ya mwisho, mwishoni mwa Act ya 3 unapigana na mabosi 2 mfululizo. Ukimkuta Time Eater, ukicheza karata ya 12 anakukatisha zamu na nguvu zake zinaongezeka. Fungu la hovyo litakuokoa?

Mimi mwenyewe nimefia hapo mara kibao. Na muhula uliopita nilikula sup nikamlaumu mwalimu, kumbe nilibeba madesa ya darasa zima, sikusoma hata moja vizuri. Karata zinachanganywa, sawa, ila fungu umelijenga mwenyewe.

Anayebisha aje rumu na simu yake. Alamsiki!