Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ardhi Kuhusu Kuta za Ofisi Kubwa

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani jambo ambalo pengine lilistahili kupitia kwanza kwa makatibu wako; walakini jambo lenyewe liko hadharani, kando ya barabara, na kila apitaye huliona. Nataka kusema nawe juu ya majumba ya ofisi yanayojengwa katika miji yetu, hususan yale ambayo shirika moja huchukua ekari kadhaa, likajenga humo ofisi zake zote pamoja na maegesho ya magari, mkahawa na bustani, kisha likazungusha ukuta na kuwaacha majirani nje yake.

Siku moja ya kazi, ipatapo saa saba mchana, simamisha gari lako katika barabara ya Bagamoyo, baina ya Morocco na Mwenge, ukatazame. Utamwona mama ntilie amepanga masufuria yake juu ya meza ya mbao, na vijana wenye vitambulisho shingoni wakitoka getini mmoja mmoja kuja kula wali na maharage, wamekaa juu ya ukingo wa mtaro, huku kivuli pekee kilichopo ni cha bango la matangazo, nacho huhama kadiri jua linavyohama, nao wakahama nacho, sahani mkononi. Ndani ya ukuta, hatua chache kutoka hapo, kuna nyasi zimwagiwazo maji kutwa mara mbili, ambazo sijapata kumwona mtu amezikalia. Bawabu wa langoni ni mtu mwungwana, hana ubaya na mtu. Lakini amekabidhiwa kitabu cha wageni, na katika kitabu hicho kila aingiaye huandika jina lake, namba yake ya simu, atokako, na anayemwendea. Safu hiyo ya mwisho ndiyo imfungiayo mlango jirani, kwa kuwa jirani hana anayemwendea.

Wenye mashirika, wakiulizwa, hujibu kwamba ofisi si soko, kwamba mna siri za wateja, fedha na mitambo ya thamani, na kwamba haiwezekani kila mpita njia aachiwe aingie. Hoja hii ni ya haki, nami siipingi hata kidogo. Ninachopinga ni ile dhana iliyojificha nyuma yake, kwamba mwenye kutaka faragha hana budi kuwapa mgongo walimwengu. Wazee wetu wa pwani walilijua suala hili na wakalipatia jawabu la chokaa na mawe. Hapakuwa na nyumba yenye faragha kuliko nyumba ya mwungwana wa Lamu, ambayo vyumba vyake vilipangwa kimoja nyuma ya kingine hata mgeni asipate kuona undani wake, wala jua lisifike ila kwa kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani. Na nyumba hiyo hiyo mbele ya mlango wake ilikuwa na daka, lenye viti vya mawe kushoto na kulia, ambapo mwenyeji aliketi na jirani, na mwenye shida, na mtu baki aliyechoka na safari, bila ya yeyote kati yao kuvuka kizingiti. Mji Mkongwe wa Unguja nao umejaa baraza za mawe zilizoshikamana na kuta za nyumba, ambazo jioni hukaliwa na wanywaji kahawa na wacheza bao, na siku za mvua kubwa, maji yanapojaa vichochoroni, watu hupita juu yake wasirowe miguu. Aliyezijenga alitoa sehemu ya gharama yake kwa watu asiowajua, na nyumba yake haikupungua siri wala heshima. Basi kinachodaiwa kwa shirika si kufungua vyumba vyake, bali kutengeneza vizuri mahali pale ambapo ukuta wake unakutana na njia ya watu.

Kwamba jambo hili lawezekana hata katika majengo ya fedha nyingi, ushahidi upo, tena wa ajabu, kwa sababu msanifu mmoja ametupa mifano yote miwili, wa jengo lililo wazi kwa watu na wa lililofungwa. Norman Foster, Mwingereza, ndiye aliyesanifu makao makuu ya benki ya HSBC huko Hong Kong, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1980, naye akaliinua jengo zima juu ya nguzo, hata chini yake pakabaki uwanja wenye kivuli ambao mtu hupita toka barabara hii hadi ile pasipo kuulizwa neno. Kila Jumapili wanawake kutoka Ufilipino, watumishi wa majumbani ambao hiyo ndiyo siku yao ya mapumziko, huja hapo kwa mamia. Hutandika maboksi yaliyokunjuliwa, wakagawana chakula, wakasukana nywele na kufunga vifurushi vya kupeleka kwao, chini ya sakafu za moja ya benki kubwa duniani, ambayo Jumatatu hufungua kazi zake kama kawaida. Na kampuni ya huyo huyo Foster ndiyo iliyosanifu makao ya Apple huko Cupertino, California, yaliyofunguliwa mwaka 2017: duara kubwa la vioo katikati ya shamba la miti la ekari zipatazo 175, zuri mno kwa atazamaye kutoka angani, ila mkazi wa mji ule haruhusiwi kuingia kwenye miti hiyo, bali ametengewa jengo la wageni ng'ambo ya barabara, lenye duka na mkahawa. Ustadi ulikuwa ule ule. Masharti ya mwenye kazi na ya serikali ndiyo yaliyohitilafiana, kwani kule Hong Kong serikali iliiruhusu benki kuongeza nafasi ya ofisi juu, maadamu imeacha ardhi ya chini kuwa njia ya umma.

Biashara ya namna hii, ya kupewa ghorofa kwa kuacha uwanja, New York imeifanya tangu mwaka 1961, baada ya watu kuvutiwa na uwanja ulioachwa mbele ya jumba la Seagram mwaka 1958. Nami nakusihi uitazame kwa makini kabla ya kuiiga. Matajiri walijenga viwanja wakapata ghorofa zao, lakini vingi vya viwanja hivyo vilikuwa vitupu, havina kiti, havina mti, vingine vikipigwa na upepo mchana kutwa. William H. Whyte, aliyekaa miaka akiwapiga picha za sinema watu wa viwanja hivyo, alitoa mwaka 1980 matokeo ambayo wengine waliyacheka kwa wepesi wake, kwamba watu hukaa mahali palipo na pa kukaa. Na uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 ukakuta kwamba katika viwanja zaidi ya 500 vya aina hiyo, takriban asilimia 41 havikuwa na manufaa ya maana kwa umma. Sheria ilipima futi za mraba, ikasahau kuuliza kama mtu aweza kuketi. Kosa hilo kwetu litakuwa baya zaidi, kwa kuwa uwanja mtupu wa saruji katika Dar es Salaam ya mwezi Februari ni kikaango.

Najua pia kwamba wengi watakukumbusha tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani uliporipuliwa hapa Dar es Salaam, wakafa watu 11, na wa Nairobi ukaripuliwa siku hiyo hiyo, wakafa zaidi ya 200. Tangu hapo kuta zimepanda, na hofu ile haikuwa ya kubuni. Lakini yafaa kukumbuka ni nini Nairobi walichofanya na kiwanja kile kile cha msiba, kwenye pembe ya barabara za Moi na Haile Selassie: walipanda bustani, wakaweka viti na mnara wenye majina ya marehemu, na leo watu wa mjini huingia humo kwa ada ndogo wakapumzisha miguu. Balozi zina hatari zake, na ziachiwe kuta zake. Kampuni ya simu au ya bima haina sababu ya kujenga kama ngome.

Nayo kampuni hiyo, kila mwaka, hualika waandishi wa habari ili wapige picha ya hundi kubwa ya boksi, ya kununulia madawati, ikikabidhiwa kwa mwalimu mkuu wa shule ya mbali. Sidharau madawati. Ila majirani wa ukuta wake hawakupata hata mti.

Mheshimiwa, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Aliye na hati miliki ameazimwa kwa muda, nao muda mrefu kabisa ni miaka 99. Na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imekupa mamlaka ya kutunga kanuni. Mwenye ardhi anapomwambia mpangaji wake aache kivuli kando ya njia, haombi hisani. Rai yangu ni kwamba kibali cha ujenzi wa ofisi yoyote kubwa kisitolewe mpaka ramani ionyeshe upande wa barabarani ukuta uliorudishwa nyuma, na mbele yake baraza ya kujengwa, ya kimo cha goti. Miti ya kivuli cha kweli, mkungu au mwarobaini, si mitende ya mapambo. Bomba la maji ya kunywa. Mahali pa mama ntilie penye sakafu na mfereji wa maji machafu. Na ile njia ya mkato ambayo watu waliitumia kabla ya kiwanja kugawiwa, ibaki njia. Halmashauri ipite kila mwaka kukagua, kwani bila ya ukaguzi baraza itageuka sehemu ya kuegesha pikipiki za walinzi kabla hata ya chokaa kukauka.

Na kwa kuwa kanuni huchukua muda, naomba kitu kimoja kisichohitaji kanuni. Wizara yako imehamia Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma, ambako jua ni kali na upepo una vumbi, na mwananchi aliyetoka mbali kufuatilia hati yake husubiri kwa saa nyingi. Naomba uzio wa Wizara ya Ardhi uwe wa kwanza kurudishwa nyuma, na mwarobaini ukipandwa kabla ya masika haya hautachelewa kutoa kivuli. Jibu lako nitalisubiri gazetini, kwa nia njema.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kijitonyama, Dar es Salaam