Mkataba wa mdomo wawaponza wenye malori

Bado wapo matajiri wa malori yanayovuka Namanga na Tunduma ambao huajiri dereva kwa maneno na posho ya safari. Sheria hairuhusu hivyo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mkataba wa maandishi kwa mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya nchi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka maandishi kwa ajira ya miezi 3 au zaidi. Ugumu uko kwenye ushahidi. Dereva akidai mshahara mbali na posho, na karatasi haipo, katika nchi zote mbili mwajiri ndiye hutakiwa kuthibitisha walichokubaliana. Mwenye lori aandike mshahara, posho na saa za kazi kabla gari halijapakia.